Kuchagua Hema la Familia kwa Safari za Malindi: Hewa Kwanza, Mvua Baadaye

Mahema mengi yanayouzwa madukani yametengenezewa watu wanaokimbia baridi. Soma boksi lake: halipitishi maji, linatunza joto, limezibwa kila upande. Hizo ni sifa njema kwa anayelala kando ya ziwa huko Uingereza. Kwa baba na mama wa Malindi wanaotaka kuwapeleka watoto Tsavo likizo ya Desemba, au kulala usiku mmoja chini ya mivinje ya Mambrui, sifa hizo hizo ndizo zitakazowatoa nje saa saba za usiku wakitafuta pumzi. Mwezi wa Machi usiku wetu hauteremki sana chini ya nyuzijoto 25, na hewa imejaa unyevu wa bahari. Watu watano waliojifungia ndani ya kitambaa cha plastiki kwa hali hiyo hawalali, wanangoja kupambazuke.

Ndiyo maana mwongozo huu haufuati mpangilio wa wauzaji, ambao hukuanzishia mvua na idadi ya watu. Tutaanza na mahali na msimu, tupime ukubwa kwa godoro, kisha tukae sana kwenye hewa na upepo. Mvua ina zamu yake.

Hatua ya 1: Mnakwenda wapi, na likizo gani?

Hakuna hema la kila mahali. Kutoka Malindi mjini familia huelekea pande tatu hivi, na kila upande una usumbufu wake.

Ufuoni, iwe Mambrui, Ngomeni au kuelekea Watamu, shida ni mchanga, upepo na chumvi. Vigingi havishiki, zipu zinakwama, chuma kinashika kutu. Msituni, kama Arabuko-Sokoke wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, upepo unapungua na wadudu wanaongezeka: mbu, siafu, na kupe kwenye majani. Humo mna ndovu pia, kwa hiyo unapiga kambi pale ulipoelekezwa na askari wa msitu, si pale palipokupendeza. Upande wa tatu ni Tsavo Mashariki, unayoingia kwa lango la Sala baada ya zaidi ya kilomita 100 za barabara kutoka Malindi. Huko ardhi ni ngumu, vumbi jekundu linapenya popote, na usiku wa Julai mtoto atataka blanketi jepesi. Marafa, kwenye yale mabonde ya udongo mwekundu wanayoyaita Nyari, pana tabia za Tsavo: kukavu na jua la utosi.

Sasa weka likizo za shule juu ya pepo zetu. Likizo ya Aprili inaangukia mwanzo wa masika, na mvua hukaza Mei. Likizo ya Agosti ipo ndani ya kusi, na kusi haina mzaha na hema lililosimama wazi ufuoni. Desemba ni kaskazi: mvua imekatika au inakatika, bahari inaanza kusafika, joto linapanda. Familia inayotoka Desemba peke yake inahitaji hema la hewa nyingi, hata kama kinga yake ya mvua ni ya wastani. Inayotoka Agosti inahitaji fito imara kabla ya chochote kingine. Inayong'ang'ania Aprili, hiyo ndiyo yenye haki ya kumuuliza muuzaji habari za mvua mapema.

Andika jibu lako kwenye simu kabla hujaingia dukani: mahali, mwezi, watu wangapi, usafiri gani. Hema la kilo 15 ni mzigo wa kawaida kwenye buti la Probox. Kwa wanaokwenda kwa matatu na kumalizia na bodaboda ni adhabu, na kwa wanaovuka kwa mashua kutoka Mokowe kwenda Lamu ni mzigo wa kuvishwa kiroba kizima kisiingie maji ya chumvi.

Hatua ya 2: Pima kwa godoro, usipime kwa boksi

Boksi likisema "watu 4", maana yake ni watu wazima wanne waliolala chali wakiwa wamegusana mabega, bila begi, bila mto wa ziada, bila mtoto anayejizungusha usiku. Kila mtu amehesabiwa upana wa sentimita 55 hadi 60. Hapo hakuna familia.

Chukua vipimo vya magodoro mnayotumia. Godoro la futi 3 kwa 6 ni sentimita 91 kwa 183. La futi 4 kwa 6 ni 122 kwa 183. Hema la kawaida la "watu 4" lina sakafu ya 210 kwa 240 hivi. Magodoro mawili ya futi 3 yakilala sambamba yanachukua sentimita 182 za upana, na miguuni inabaki nafasi ya sentimita 57 ya mabegi na viatu. Kwa hiyo hilo ni hema la baba, mama na mtoto mchanga.

Chukua familia ya watu watano: wazazi kwenye godoro la futi 4, watoto watatu kwenye magodoro mawili ya futi 3 yaliyounganishwa. Upana unafika sentimita 304. Hema la "watu 6" lenye sakafu ya mita 3 kwa 3 halitoshi, na hata likikaribia kutosha, magodoro yatagusa kuta. Ukuta wa hema ukiguswa na godoro usiku kucha hulowesha godoro. Tafuta sakafu ya mita 3.5 kwa 2.5 au zaidi, ambayo kwa lugha ya boksi ni "watu 8". Kumbuka pia kwamba hema la umbo la kuba lina kuta zinazolala kwa ndani, kwa hiyo sentimita 15 au 20 za kila pembeni ni za kuwekea ndala, si za kulaza kichwa.

Urefu nao una hesabu yake. Mtu mzima anataka kusimama avae, mama anataka kubadilisha nguo bila kupiga magoti, na wanaosali wanataka kusimama na kurukuu bila kugonga paa. Sentimita 180 hadi 190 katikati zinatosha. Yale mahema marefu yenye kuta zilizosimama wima, mita 2 na zaidi, yanapendeza dukani kwa sababu ni kama chumba. Ufuoni mwezi wa Agosti ni tanga lisilo na nahodha. Mimi silinunui kwa pwani hata likiuzwa kwa bei ya kutupa.

Watu wakizidi sita, au mkiwa na wavulana na wasichana waliobaleghe, nunueni mahema mawili. Mawili madogo yanapata kivuli kwa urahisi kuliko moja kubwa, yanahimili upepo zaidi, na likichanika moja usiku bado mna pa kuwalaza watoto. Bibi naye akija atapata faragha yake. Pazia la kugawanya chumba ndani ya hema kubwa linaficha macho, halizuii sauti.

Hatua ya 3: Hewa

Hapa ndipo pesa yako inapotakiwa kwenda.

Hema la tabaka moja ni kitambaa kimoja kisichopitisha maji, na kwa kuwa hakipitishi maji, hakipitishi pumzi pia. Mvuke wa pumzi na jasho unapanda, unagusa paa, unageuka matone na kuwaangukia. Watu wengi huamka asubuhi wakasema hema linavuja, kumbe maji ni ya pumzi zao. Hema la tabaka mbili lina chumba cha ndani ambacho sehemu kubwa ni wavu, na juu yake paa la nje linalozuia mvua na jua. Katikati ya tabaka hizo pana nafasi, na hewa inapita humo. Kwa pwani nunua la tabaka mbili, na kadiri chumba cha ndani kilivyo na wavu mwingi ndivyo bora.

Dukani fanya hivi. Omba hema lisimamishwe. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine. Anayekuuzia kitu cha kulalia watoto wako bila kukifungua ana sababu yake. Ingia ndani, funga milango ya wavu peke yake, kaa dakika chache. Kisha tazama:

- Madirisha yako pande mbili zinazotazamana? Dirisha la upande mmoja linaingiza hewa isiyo na pa kutokea.
- Kuna tundu la hewa juu karibu na kilele, na jingine chini karibu na sakafu? Hewa ya moto hupanda, na lazima ya chini ipate njia ya kuingia.
- Vifuniko vya madirisha vinafungika kutoka ndani? Mvua ikianza saa tisa usiku hutaki kutoka nje kuvifunga.
- Paa la nje likiwekwa, madirisha yanabaki wazi au yanafunikwa yote? Hapa ndipo wengi wanapopunjwa. Hema lina madirisha manne ya kupendeza, na paa la nje likishuka linayaziba yote mpaka chini.

Wavu wenyewe unataka jicho la karibu. Chandarua cha kawaida kina matundu kama 156 kwa inchi moja ya mraba. Mbu hapiti, usubi anapita. Kama kambi yenu ni karibu na mikoko, tuseme Mida, usubi wa jioni watawafundisha adabu, na mtahitaji wavu wenye matundu madogo zaidi. Tatizo ni kwamba wavu wa matundu madogo unapunguza upepo. Kwa Tsavo na Marafa chukua wavu wa kawaida ufaidi hewa; kwa mikokoni kubali joto kidogo ulale bila kujikuna.

Na hata wavu uwe mzuri vipi, watoto wataingia na kutoka mara ishirini magharibi, saa hiyo hiyo ya mbu. Kama mna mtoto mchanga au mama mjamzito, ning'inizeni chandarua chenye dawa ndani ya hema. Angalia kama darini pana vitanzi vya kufungia kamba. Mahema mengi yanavyo kwa ajili ya taa.

Rangi: nje iwe hafifu, kama maziwa, kijivu cheupe au kijani cha majani makavu. Bluu ya kukoza na nyeusi hunywa jua. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na ikifika saa mbili na nusu asubuhi hema la rangi nzito lililokosa kivuli halikaliki. Dawa rahisi kuliko hema la ghali ni turubai: lifunge juu ya hema, likiliacha paa kwa nusu mita hivi, hewa ipite katikati. Turubai jepesi la rangi ya fedha upande wa juu linafanya kazi kubwa kuliko bei yake.

Kivuli cha mti nacho kina kanuni. Tafuta mti ulioko mashariki mwa hema, kwa sababu jua la asubuhi ndilo litakalowakuta bado mmelala. Mvinje na mkwaju ni miti mizuri. Chini ya mnazi usilale, hata kama pana kivuli cha peponi. Nazi haitoi taarifa, na kuti kavu lina uzito wa kutosha kuvunja fito za hema.

Hatua ya 4: Fito, kamba na upepo

Fito za hema huja kwa aina tatu. Za chuma ni imara siku ya kwanza, lakini hewa ya bahari inazila, na zikishika kutu kwenye maungio hazitoki tena. Za faiba ndizo zinazopatikana zaidi na ndizo nafuu. Zinapinda vizuri, ila zikizeeka zinachanika kwa urefu na kutoa nyuzi zinazochoma vidole kama miiba ya samaki. Za alumini ni ghali, nyepesi, na zikizidiwa zinapinda bila kuvunjika, kwa hiyo unaweza kuzinyoosha mkafika asubuhi.

Kwa hema la familia, faiba iwe na unene wa milimita 9.5 kwenda juu, na 11 kwa hema kubwa. Chini ya hapo ni za hema la watu wawili zilizorefushwa. Nunua kipande kimoja cha akiba, na kipande cha bomba la chuma kisicho na kutu chenye urefu wa kiganja, kipana kidogo kuliko ufito. Ufito ukivunjika usiku, unalivuta bomba mpaka lifunike pale palipovunjika, unafunga kwa gundi ya tepu pande zote mbili, unarudi kulala.

Umbo lina uzito wake. Kuba lenye fito zinazokatana ndilo linalopokea upepo wa kila upande. Hema refu la mfano wa pipa lililolazwa lina nafasi nzuri kwa familia, mradi ncha yake nyembamba ielekee kwenye upepo na kamba zote zifungwe. Ukiliweka ubavu, kusi italilaza. Mahema ya kujaza upepo badala ya fito yanasimama haraka, na watoto hupenda kupiga pampu, lakini hewa ya ndani inatanuka kwa jua, kwa hiyo ukilijaza alfajiri punguza kidogo kabla ya saa nne. Yale ya kurusha yakafunguka yenyewe ni ya kivuli cha mchana ufuoni. Usiku wa upepo si wake.

Hesabu vitanzi vya kamba. Hema la watu 6 lenye kamba nne tu halijatengenezwa kwa ajili ya upepo. Vikiwa vichache, mpelekee fundi wa matanga au wa maturubai aongeze. Anayejua kushona tanga la mashua lisichanike baharini hashindwi na kitanzi cha hema.

Hatua ya 5: Mvua, kwa ufupi

Kinga ya maji ya kitambaa huandikwa kwa milimita: 1500, 2000, 3000. Ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kukibeba kabla hakijaanza kupitisha. Kwa manyunyu ya vuli, 1500 inakutosha. Kwa anayetoka Aprili, chukua 3000 kwenye paa. Kwenye sakafu taka zaidi, kwa sababu goti la mtu linasukuma maji kwa nguvu kuliko mvua yenyewe.

Ila namba kubwa zinapumbaza. Maji hayapiti katikati ya kitambaa, yanapita kwenye matundu ya sindano. Geuza paa la nje ndani-nje, tafuta mshono mrefu wa kilele, upitishe kidole. Unatakiwa kukuta utepe mwembamba unaong'aa, umebanwa juu ya mshono mwanzo hadi mwisho, bila kukunjamana wala kuinuka pembeni. Mahali utepe ulipokatika ndipo maji yatakapoanza. Hema la 2000 lenye utepe kamili linalishinda la 4000 lenye mishono mitupu.

Kitambaa chenyewe kiwe poliesta. Nailoni ni nyepesi lakini inalegea ikilowa na jua letu linaila mapema. Turubai zito la pamba ni tamu kulala ndani, linapumua lenyewe na halipigi kelele kwenye upepo, ila linaweza kufika kilo 30 na likikunjwa na unyevu hata siku mbili linaota ukungu. Hilo ni la mwenye gari na mwenye mahali pakavu pa kulihifadhi, na huyo kwa Tsavo hatajuta.

Hatua ya 6: Sakafu na zipu

Sakafu ishonwe pamoja na kuta, ipande sentimita 10 au 15 kabla ya kukutana na wavu. Sakafu ya kutandika kando inaalika siafu, nge, na kaa wa mchangani wanaotembea usiku. Chini yake tandika turubai jingine la kulinda, lakini likatwe liwe dogo kuliko hema kwa sentimita tano kila upande. Likitokeza nje linakinga mvua na kuipeleka chini ya magodoro.

Zipu ndiyo inayokufa kwanza pwani. Iwe nene, ya plastiki, si ya meno ya chuma. Ivute mara kadhaa kwa mkono mmoja dukani. Ikishika kitambaa ikiwa mpya, itashika zaidi ikiwa na mchanga. Kwenye begi la safari weka mswaki wa zamani wa kusafishia meno yake na kipande cha mshumaa cha kuipaka.

Hatua ya 7: Jipya au la mtumba?

Kwa pesa ya hema jipya la daraja la chini unaweza kupata la mtumba lililotengenezwa vizuri zaidi, iwe Kongowea kule Mombasa au kwa wanaoleta marobota Malindi. Lakini mtumba wa hema si mtumba wa shati. Kagua hivi, kwa mpangilio huu:

1. Linuse kabla hujalifungua. Harufu kali ya kuchachuka ina maana ule mpako wa ndani unaozuia maji umeanza kuoza.
2. Shika upande wa ndani wa paa la nje na sakafu. Pakinata kama mkono ulioshika embe bivu, rudisha. Mpako ule hauna dawa. Ukianza kunata unaendelea, na joto letu linauharakisha.
3. Liinue kwenye jua na ulitazame kwa ndani. Nukta za mwanga ni matundu. Mawili matatu yanazibika, anga lenye nyota usilinunue.
4. Vuta kitambaa cha paa kwa vidole gumba viwili, kwa nguvu ya wastani. Kilichokaangwa na jua kinachanika kwa sauti ya karatasi.
5. Hesabu fito na uzisimamishe zote. Ufito uliopotea unapatikana kwa shida kuliko hema.

Madoa ya ukungu meusi na zipu iliyolegea ni sababu za kupunguza bei tu. Kichwa cha zipu kilicholegea hubanwa kidogo kwa plaizi pande zote mbili, kikashika tena. Rahisi hugharimu, lakini si kila rahisi.

Kama bado unasitasita, kodisha hema kwa safari ya kwanza. Usiku mmoja utakuonyesha kama familia yako ni ya kambi au ni ya hoteli, na hilo ni vizuri kulijua kabla ya kununua.

Hatua ya 8: Lisimamishe uani kwanza

Siku kadhaa kabla ya safari lisimamishe nyumbani, na wanaolisimamisha wawe wale wale watakaolisimamisha kule. Mpe kila mtoto kazi: mmoja vigingi, mwingine kamba, mkubwa ashike fito. Ukimaliza, limwagie maji kwa mpira au kwa ndoo ukipandia kiti, hasa kwenye kilele na kwenye pembe, kisha mtume mtoto ndani apapase mishono. Panapovuja, pakaushe na upake gundi ya mishono. Wacha lisimame mpaka likauke kabisa.

Siku hiyo ndiyo ya kugundua kwamba vigingi vilivyokuja na hema ni waya tu. Karibu vyote viko hivyo. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, mwambie akukatie nondo ya milimita 8 vipande vya sentimita 40, vichongwe ncha upande mmoja na kukunjwa kichwa upande mwingine. Hivyo ndivyo vigingi vya Tsavo, Marafa na popote penye udongo mgumu au matumbawe. Visha vichwa vyake chupa tupu, mguu wa mtoto anayekimbia usiku usivipate.

Hatua ya 9: Kulisimamisha mchangani

Nondo haishiki mchanga mkavu, hata uipige kiasi gani. Hapa nanga huzikwa.

Chukua viroba tupu vya mchele au unga, kimoja kwa kila kamba. Jaza mchanga mpaka nusu, funga mdomo, kisha funga kamba ya hema katikati ya kiroba, mahali kinapojaa. Chimba shimo la kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, umbali wa hatua mbili kutoka kwenye hema. Laza kiroba ndani kikiwa kimekingama na kamba. Chora mfereji mdogo kamba ipite ikielekea juu polepole, fukia, kanyaga, mwagia maji ya bahari, kanyaga tena. Vuta kamba kwa uzito wako wote. Ikisogea, shimo halijafika. Ukiondoka unafukua, unamwaga mchanga, unarudi na viroba vyako nyumbani.

Kabla ya shimo la kwanza, soma ufuo. Ule mstari wa mwani mkavu unaouona unaweza kuwa wa maji mafu, yanapopanda kidogo, si wa bamvua, yanapopanda sana. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na siku hizo hujaa karibu na alfajiri na tena alasiri. Yaani yatakuja mkiwa usingizini. Muulize mvuvi yeyote aliye karibu maji yanafika wapi bamvua, kisha uongeze hatua kadhaa juu ya alipokuonyesha. Huyo huyo atakuambia shamba la nyuma ni la nani, ukamwombe ruhusa mwenyewe.

Elekeza mgongo wa hema kwenye upepo, mlango upande wa pili. Mtoto akifungua mlango unaotazama kusi, mchanga utaingia mpaka kwenye pilau. Lakini usilisogeze nyuma ya ukuta au kichaka kizito ukadhani umefanya jambo. Utazuia na ile hewa uliyoilipia. Mivinje michache mbele ya hema inavunja nguvu ya upepo na kuuacha upite.

Jiko libaki nje, hata upepo ukikera na hata mvua ikinyesha. Jiko la mkaa ndani ya hema linaua watu usingizini bila moshi wala harufu, na kufungua dirisha moja si kinga. Vyakula navyo visilale ndani ya hema. Ufuoni na msituni nyani na tumbili watakupasulia wavu kwa ajili ya ndizi mbili, na Tsavo matunda ndani ya hema ni mwaliko kwa ndovu. Funga chakula ndani ya gari.

Hatua ya 10: Mkirudi

Hema lililorudi kutoka ufuoni lioshwe kwa maji baridi matamu, bila sabuni ya unga, kwa sababu sabuni hiyo inakula mpako. Zipu na maungio ya fito yamwagiwe zaidi. Kung'uta mchanga uliojificha kwenye pembe za sakafu, maana ukikunjwa nao utafanya kazi ya msasa. Lianike kivulini penye upepo, si juani, pande zote mbili, mpaka mishono iwe mikavu. Mishono ndiyo inayochelewa.

Usilirudishe kwenye mfuko wake wa kubana. Likunje kilegevu, lisifuate mikunjo ile ile ya mwanzo, ulitie kwenye foronya kubwa au shuka kuukuu. Liweke juu ya kabati chumbani. Stoo ya bati na buti la gari ni sehemu za moto, na joto pamoja na unyevu ndivyo vinavyoufanya mpako unate. Kila baada ya miezi miwili au mitatu lifungue upigwe hewa, na utazame fito kama kuna iliyoanza kuchanika, ili kipande cha akiba ukiagize kabla shule hazijafungwa.